Lugha ya Muundaji: Kuunda na Kusakinisha Maktaba ya Picha kutoka Msimbo Asilia



Wengi wenu mlipolisoma tangazo la mhadhara huu mlitarajia, bila shaka, tenzi, au lahaja, au historia ya usanifishaji wa lugha. Badala yake nimekuja kuzungumzia jinsi programu ya kompyuta inavyoundwa kutoka msimbo wake asilia, hatua kwa hatua, hadi ikubali kufanya kazi. Naomba mnivumilie. Utenzi umo ndani ya habari hii, na ndio uliotufikisha huko.

Chanzo cha safari

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikiandaa vielelezo vya kufundishia hati ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, nikisaidiwa na wanafunzi wawili wa shahada ya uzamili. Wanafunzi wetu huujua utenzi kupitia matoleo ya herufi za Kirumi. Wakionyeshwa mswada wenyewe, kwa mfano mmojawapo ya ile iliyoandikwa kwa mkono wa Muhamadi Kijuma wa Lamu, huusifu uzuri wa mwandiko lakini hushindwa kusoma hata neno moja. Nilitaka kuwatengenezea kadi: kila kadi neno moja, kwa hati ya Kiarabu upande mmoja na kwa herufi za Kirumi upande wa pili. Maneno yalikuwa 300 na ushei, na kuyachora yote kwa mkono kungetumalizia muhula mzima.

Tukaamua kuitumia ImageMagick. Hii ni programu huria ya kushughulikia picha, nayo pia ni maktaba kwa maana wanayoikusudia wanakompyuta, yaani mkusanyiko wa taratibu zilizokwisha kuandikwa ambazo programu nyingine huweza kuziazima. Ilianzishwa na John Cristy mwaka 1987 alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya DuPont nchini Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 1990. Ukiipa faili la maneno, hukurudishia picha. Neno la kwanza katika orodha yetu lilikuwa mtepe, jina la chombo cha kale cha pwani yetu ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari. Nililichagua kwa sababu ya wepesi wake: lina konsonanti tatu tu, mim, te na pe, na zote tatu hushikana katika mwandiko.

Picha iliyotoka haikuwa neno. Zilikuwa herufi tatu zilizosimama mbalimbali, kila moja katika umbo lake la upweke, tena zimepangwa kutoka kushoto kwenda kulia. Msomaji anayeanza kulia, kama impasavyo, angesoma petem. Mwanafunzi mmoja aliitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, imegoma." Jibu hilo naomba mlihifadhi akilini, maana nitalirudia.

Herufi na tarakimu

Kila anayejua hati ya Kiarabu anafahamu kwamba herufi moja huweza kuwa na hadi maumbo manne: la upweke, la mwanzo wa neno, la katikati na la mwisho. Jambo lisilofahamika sana ni kwamba faili la kompyuta kwa kawaida halihifadhi maumbo hayo. Mfumo wa Unicode huhifadhi utambulisho wa herufi tu: hapa pana mim, kisha te, kisha pe. Uamuzi kuhusu umbo lipi lichorwe, na kuelekea upande gani, hufanywa baadaye, wakati wa kuchora.

ImageMagick haina elimu hiyo yenyewe, huiazima. Maktaba iitwayo FreeType husoma fonti na kuchora umbo la kila herufi. HarfBuzz huchagua maumbo yanayostahili kwa kuzingatia majirani wa herufi. FriBiDi huamua mwelekeo wa maandishi. Raqm nayo huzikutanisha hizo tatu na kutoa mstari uliokamilika. Raqm isipokuwepo, ImageMagick hupanga herufi moja baada ya nyingine kutoka kushoto, kana kwamba ni herufi za Kirumi, wala haimwonyi mtu.

Niruhusuni kidogo kuchepuka, maana nipo mbele ya wanaisimu. Jina HarfBuzz linatokana na Kiajemi: harf ni ile ile herufi yetu iliyotoka Uarabuni, na neno la pili lina maana ya wazi. Kwa jumla ni tafsiri ya OpenType, jina la aina ya fonti. Raqm ni Kiarabu, nalo hubeba maana ya mwandiko na pia ya namba. Tarakimu yetu inatoka katika mzizi huo huo, na ndugu zetu wa Kenya wasemao tarakilishi wameufikisha mzizi huo hadi kwenye jina la mashine yenyewe. Wanafunzi wangu walikuwa wakiitazama orodha ya maktaba hizi kama ugeni mtupu, kumbe nusu yake ni jamaa zao.

Tuliiamuru programu ijitambulishe. Miongoni mwa mambo inayoyataja ni orodha ya maktaba ilizoungwa nazo. FreeType ilikuwamo, za picha za JPEG na PNG zilikuwamo, Raqm haikuwamo. Nakala tuliyokuwa nayo ilikuwa imeundwa na watu wengine kwa mahitaji mengine, na hatukuwa na namna ya kuipachika Raqm baadaye kama mtu anavyopachika kiraka kwenye kanzu. Ilitubidi tuchukue msimbo asilia tuunde nakala yetu. Hiyo ndiyo faida ya programu kuwa huria: msimbo wake u wazi, na leseni inakuruhusu.

Ukaguzi

Msimbo huja katika furushi moja la aina ya tar. Jina hilo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya hifadhi ya kanda, masalio ya zama za kanda za sumaku. Baada ya kulifungua furushi, hatua ya kwanza ni kuendesha hati ya amri iitwayo configure. Sisi tuliiita ukaguzi. Kazi yake ni kuipekua kompyuta: je, pana chombo cha kushughulikia lugha ya C? Pana maktaba zipi, na zimewekwa wapi? Kila swali hujibiwa kwa mstari mmoja, na mistari ni mamia, hupita mbio machoni. Mwishoni hutolewa jedwali lenye safu mbili: lililoombwa na lililopatikana.

Katika jedwali letu, mkabala na Raqm, safu ya kwanza ilisema ndiyo na safu ya pili ilisema hapana. Lakini ukaguzi haukusimama. Raqm ni nyongeza ya hiari. Ikikosekana, kazi huendelea bila hiyo. Sisi nasi, kwa kuwa hatukuona neno la kosa, tukaendelea. Mashine ilifanya kazi kwa muda mrefu, ikamaliza kwa salama, tukasakinisha, tukachora mtepe. Tukapata petem. Tulikuwa tumeunda upya, kwa jasho letu wenyewe, kasoro ile ile.

Kilichotutatiza zaidi ni kwamba Raqm ilikuwamo katika kompyuta ile. Tuliiona kwa macho. Ufafanuzi ni huu: katika mifumo ya jamii ya Debian, maktaba moja hugawanywa katika vifurushi viwili. Cha kwanza kina maktaba yenyewe, kinachomtosha anayeendesha programu zilizokwisha kuundwa. Cha pili, ambacho jina lake huishia kwa dev, kina mafaili ya vichwa, yaani maelezo ya taratibu zilizomo ndani ya maktaba na jinsi ya kuziita. Hicho huhitajiwa na anayeunda programu mpya juu ya maktaba ile. Tulikuwa na kifurushi cha mtumiaji. Kifurushi cha muundaji hatukuwa nacho.

Nilipokuwa nikiwaeleza wanafunzi tofauti hiyo ndipo nilipong'amua kwamba nilikuwa nikieleza pia hali ya istilahi zetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Ilikuwa kazi adhimu, na waliobeza wakati ule wakidai kwamba hakuna atakayeitumia hawakuelewa kwamba lugha hukua kwa kutumiwa hata na wachache. Hata hivyo, istilahi zilizoenea tangu wakati huo, kama vile hifadhi, futa, bofya, pakua, ni istilahi za mtu aliyeketi mbele ya programu iliyokwisha kuundwa. Ni kifurushi cha kwanza. Mtu anayetaka kuunda hukuta maneno yamemwishia njiani, akabaki na "imegoma". Ndiyo maana nasema kwamba Kiswahili kinahitaji sasa kifurushi cha muundaji. Tena naamini sehemu kubwa ya kifurushi hicho tunayo tayari, ila tumeisahau katika warsha za mafundi na katika madarasa ya tafsiri.

Kukusanya au kufasiri?

Chukueni neno lililotushughulisha kuliko yote. Kwa Kiingereza, kuugeuza msimbo ulioandikwa na binadamu uwe katika lugha ya mashine huitwa compile, kitenzi ambacho maana yake ya kawaida ni kukusanya, kama mtu anavyokusanya kamusi au diwani. Kwa hiyo wapo waliopendekeza tuseme "kukusanya msimbo". Pendekezo hilo lina historia nyuma yake. Grace Hopper alipotengeneza mfumo wake wa A-0 kwa ajili ya kompyuta ya UNIVAC, katika miaka ya 1951 na 1952, kazi ya mfumo ule kweli ilikuwa kukusanya: ulizifuata taratibu zilizohifadhiwa katika kanda, kwa namba zake, ukazipanga pamoja zikawa programu moja. Lau tungekuwa tukiunda istilahi mwaka ule, kukusanya lingekuwa neno barabara.

Lakini dhana imehama na jina likabaki. Chombo cha leo, kama GCC kilichotolewa na Richard Stallman mwaka 1987, mwaka ule ule ImageMagick ilipoanza, hakikusanyi. Husoma matini ya lugha ya C na kuiandika upya katika lugha ya kichakataji. Tukilifuata neno la Kiingereza badala ya kuifuata dhana, tutakuwa tumerithi mkanganyiko usio wetu.

Pendekezo langu ni kufasiri, na hoja yangu naitoa katika taaluma ambayo wengi wenu mnaifundisha. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa tafsiri huelezwa tofauti kati ya mfasiri na mkalimani. Mfasiri hupewa matini nzima, akaifanyia kazi, akaikabidhi. Baada ya hapo msomaji hamhitaji tena. Mkalimani husimama kati ya wasemaji wawili, akitoa sentensi kwa sentensi, na akiondoka mazungumzo hukatika. Wanakompyuta wana tofauti hiyo hiyo. Programu ya lugha ya C hufasiriwa mara moja, kisha huendeshwa bila mfasiri. Programu ya lugha ya Python huhitaji mkalimani awepo kila inapoendeshwa. Kwa upande huu Kiingereza nacho husema mkalimani. Ni upande wa mfasiri tu kilikopotea njia.

Nimepingwa kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba kutafsiri programu tayari kuna maana ya kuyageuza maandishi ya kiolesura chake yawe ya Kiswahili. Ni kweli, lakini lugha yetu ina bahati ya kuwa na fasiri na tafsiri kwa pamoja, na si mara ya kwanza kwa maneno mawili pacha kugawana kazi. Hoja ya pili ni kwamba vijana wamekwisha kusema kukompaili. Hiyo nayo ni kweli, na sina ugomvi nayo. Lugha iliyomeza kompyuta na programu haitapaliwa na kitenzi kimoja zaidi. Wakiwa kazini waseme hivyo. Darasani nitaendelea kusema kufasiri, kwa sababu kukompaili humwachia mwanafunzi sauti, ilhali kufasiri humwambia kinachotendeka. Akiona mashine imesimama na kutaja jina la faili na namba ya mstari, ataelewa mara moja: mfasiri amekutana na neno asilolijua.

Kuunda na kuunga

Kwa kazi nzima, kuanzia ukaguzi hadi maktaba kukamilika, wengi husema kujenga. Mimi nimechagua kuunda. Nyumba hujengwa, chombo cha bahari huundwa. Tofauti hiyo mafundi wa pwani wanaijua, nayo inafaa hapa, kwa kuwa maktaba ya picha ina mamia ya mafaili ya msimbo, kila moja hufasiriwa peke yake na kuwa kipande kisichoweza kwenda popote. Vipande hivyo huungwa baadaye. Mbao za mtepe nazo zilichongwa kwanza, zikatobolewa, ndipo zikashonwa. Muungaji akiambiwa kwamba kipande fulani kinaita utaratibu ambao haupo katika kipande chochote, husimama. Hilo ni kosa la kuunga, si la kufasiri, na dawa yake ni tofauti kabisa: katika kosa la kufasiri mara nyingi hutafutwa faili la kichwa, katika kosa la kuunga hutafutwa maktaba yenyewe. Asiye na majina mawili atatafuta dawa moja kwa maradhi mawili.

Anayesimamia kazi yote hiyo ni programu ya make, iliyobuniwa na Stuart Feldman katika Bell Labs mwaka 1976. Ni fundi mkuu mwenye busara ya kutorudia kazi: hulinganisha tarehe za mafaili na kufasiri yale tu yaliyobadilika. Busara hiyo ina mpaka wake. Tulipokwisha kukiongeza kifurushi cha muundaji cha Raqm, kuiita make peke yake hakukutosha, kwa kuwa uamuzi wa kuitumia au kutoitumia Raqm huandikwa na ukaguzi. Tulilazimika kusafisha vipande vya zamani na kurudi mwanzo. Safari hii niliwataka wanafunzi wasiguse kitu chochote kabla ya kunisomea jedwali kwa sauti, mstari kwa mstari. Walipofika kwenye Raqm, safu zote mbili zilisema ndiyo.

Kusakinisha

Neno la mwisho ni lile ninalolipenda zaidi, na bahati nzuri halihitaji kutetewa sana. Fundi wa mitaani husema anafunga mashine, akimaanisha kuiweka mahali pake tayari kwa kazi. Kwa jenereta au pampu ya maji hakuna tatizo. Kwa programu, kufunga tayari kuna maana ya kuacha kuitumia, na mwanafunzi aliyeambiwa "funga programu" anaweza kutenda kinyume cha alichoamriwa. Kusakinisha kunaondoa utata huo. Kunatokana na sakini, kukaa mahali, jamaa wa maskani, kikapewa kiambishi cha usababishi: kuifanya programu ipate makazi.

Amri ya make install hunakili maktaba hadi kwenye saraka ya /usr/local, ambayo ni mali ya watumiaji wote wa kompyuta, na kwa hiyo huhitaji mamlaka ya msimamizi. Asiye na mamlaka anaweza kutaja, wakati wa ukaguzi, saraka iliyo ndani ya makazi yake mwenyewe. Kisha linabaki jambo moja ambalo huwakwaza wengi. Programu inapoanza, kipakiaji cha mfumo huzitafuta maktaba zake katika daftari lililoandaliwa mapema. Maktaba iliyosakinishwa sasa hivi haimo katika daftari hilo, hata kama ipo mahali pake. Amri ya ldconfig hulisahihisha daftari. Tuliiendesha, tukaiamuru programu ijitambulishe, na Raqm ikatajwa.

Tukachora mtepe. Mim ilishikana na te, te ikashikana na pe, nukta tatu zikakaa chini ya pe, na kasra chini ya te na chini ya pe. Mwanafunzi yule wa "imegoma" alisoma kutoka kulia, polepole, akapatia. Mwenzake akasema angeweza pia kusoma mtipi. Alikuwa na haki. Katika mwandiko wa zamani kasra hubeba i na e pia, kama vile dhuma inavyobeba u na o, na hilo ndilo mojawapo ya mambo ambayo Sheikh Yahya Ali Omar na P. J. L. Frankl waliyashughulikia katika makala yao ya mwaka 1997 kuhusu hati hii. Hakuna maktaba ya picha itakayotuamulia suala hilo. Itachora alama yoyote tutakayoikubali, mradi fonti iwe nayo.

Kadi zote zilikamilika kabla ya mwisho wa muhula. Wanafunzi waliandika pia ukurasa mmoja wa maelekezo kwa Kiswahili, kwa kutumia istilahi nilizowatajia hapa: ukaguzi, kufasiri, kuunga, kusakinisha, kipakiaji. Ukurasa huo ulimfikia mwanafunzi wa chuo kingine ambaye sikuwahi kumfundisha, naye baada ya wiki chache alinipigia simu. Baada ya salamu alisema: "Mwalimu, ukaguzi umepita na Raqm ni ndiyo. Imefasiriwa, imeungwa, imesakinishwa, lakini kipakiaji hakiioni." Nilimwelekeza aendeshe ldconfig. Mazungumzo yetu hayakufika dakika mbili.